Nyimbo Kumi na Moja Zisizofunguka

Habari ya kifo chake niliipata Alhamisi asubuhi nikiwa ofisini, kwa simu iliyopigwa kutoka posta ya Kikima. Aliyepiga ni mzee wa kanisa, naye alisema upesi upesi kwa sababu watu walikuwa wamepanga foleni nyuma yake. Mwalimu wa kwaya ametuacha, alisema, tutazika Jumanne, ukiweza uje. Laini ilikatika nami nikabaki nimeishika simu. Wasomaji wangu mmezoea kuniona hapa nikiwasifu waliotangulia, hata wengine wenu hunitania kwamba mtu akitaka sifa zangu sharti afe kwanza. Leo sifa ninazo chache. Nilicho nacho ni hatia, nimetembea nayo tangu mwaka jana, na sijui nitaitua wapi.

Hatukuwa marafiki wa kutembeleana kila wiki. Mimi kwetu ni Sultan Hamud, yeye alikuwa mtu wa milima ya Mbooni, na kilichotukutanisha ni kwaya yake niliyokwenda kuiandika siku moja. Alikuwa amestaafu ualimu wa shule ya msingi. Kwa miaka mingi alifundisha nyimbo kwa chaki, do re mi ubaoni, sauti ya kwanza mpaka ya nne, na aliyekosea aliimba peke yake mbele ya wenzake mpaka apatie. Halafu wageni fulani wa kanisa wakamwachia kompyuta pamoja na programu ya kutungia muziki, na mzee huyu ambaye hakuwahi hata kupiga taipu akajifungia ofisini mwa kanisa na kile kitabu cha maelezo mpaka akaielewa. Aliandika sauti zote nne, kisha mashine ikamwimbia. Mwimbaji mmoja wa besi aliposikia sehemu yake ikiimbwa na kompyuta bila kukohoa wala kuchelewa, alinuna na kukaa nyumbani Jumapili mbili, akisema kama wamepata mwingine basi wamwambie tu. Mwalimu alikwenda mwenyewe kumbembeleza, na alinisimulia kisa hicho huku akifuta machozi ya kicheko.

Sasa nifike kwenye kosa langu. Mwaka jana binti yake anayefanya kazi Mombasa alimletea kompyuta mpya. Ile ya zamani akaamua kuitoa zawadi kwa shule moja ya sekondari kule Matiliku, akaniita nimsaidie kuhama, maana gazeti letu lilikuwa limetufunza mambo ya kompyuta nami nilijiona fundi. Nyimbo zake mpya, kumi na moja, tulizinakili kwenye disketi, tena mara mbili. Kisha akachukua pamba na spiriti akaisugua ile mashine kuukuu mpaka ikang'aa, kibonye kimoja baada ya kingine. Nilimwambia wanafunzi wataichafua kwa siku moja. Akanijibu kwamba mama yake hakuwahi kumpa jirani kibuyu ambacho hakijaoshwa, hata kama jirani alikuwa anakwenda kutilia maji ya ng'ombe. "Na ndani, Mwandishi? Ndani pia nisafishie," akasema. Nikaifuta yote. Kompyuta iliniuliza kama nina hakika, nikabonyeza ndiyo, na hata sikugeuka kumuuliza.

Jioni hiyo hiyo tulianza kuweka programu kwenye mashine mpya. Disketi ya kwanza, ya pili, mpaka ya sita, na kila moja tuliisikiliza ikisaga kana kwamba tunamsikiliza mgonjwa kifuani. Mwisho yakatokea maandishi kwamba ruhusa imekwisha kutumika. Tulirudia mara tatu. Ndipo Mwalimu akafungua kitabu cha maelezo na kunionyesha kwa kidole: programu hukubali mashine moja tu, na anayetaka kuhama huirudisha kwanza ruhusa kwenye disketi kutoka kwa mashine ya zamani. Ruhusa hiyo ilikuwa ndani ya ile niliyoifuta. Na nyimbo zake zilikuwa zimehifadhiwa kwa namna ambayo hakuna programu nyingine ingeweza kuzisoma. Hakunigombeza. Ingekuwa nafuu kama angenigombeza.

Tangu siku hiyo tulihangaika jamani. Nilikwenda kwenye duka la Nairobi lililowahi kuuza programu ile, wakaniambia hawashughuliki nayo tena. Tuliandika barua ng'ambo kwa watengenezaji tukiomba ruhusa nyingine, na tukaambatanisha nakala ya namba iliyokuwa kwenye boksi. Miezi ikapita. Jibu lilipokuja lilikuwa la adabu sana: kampuni imeuzwa, wenye mali wapya hawana kumbukumbu za wateja wa zamani, wanatutakia kila la heri. Wakati huo Mwalimu alikuwa amekwisha kuanza kuugua tumbo. Mkewe aliniambia kila asubuhi anakwenda ofisini mwa kanisa na zile disketi sita, anaziingiza moja moja, anafika kwenye yale maandishi, anazima, anaanza tena. Uji aliompelekea aliukuta umepoa.

Mtauliza kwa nini asiziimbe tu nyimbo zenyewe. Hata mimi niliuliza. Nilimpelekea redio ya kaseti, nikaiweka mezani mbele yake, nikamwambia, Mwalimu, hakuna aliyewahi kuzisikia ila wewe, ziimbe hapa japo sauti ya kwanza. Akaisukuma ile redio kando.

"Hazijakamilika," akasema. "Sauti ya tatu inagongana na ya nne. Siwezi kuwapa watu wimbo wenye makosa."

"Na usipopona?"

"Basi nitakuwa sikuwapa makosa."

Nilikasirika, nakiri. Niliiona hiyo kuwa ni kiburi cha ualimu, nikaondoka na redio yangu. Leo najua hakuwa peke yake. Sisi sote tumeingia mkenge huo huo. Zamani daftari la do re mi lingeweza kusomwa na yeyote aliyepita darasa lake, hata likiwa limeliwa nusu na mchwa. Siku hizi tunayaweka ya moyoni mahali ambapo ufunguo wake anao mtu wa mbali asiyetujua, halafu tunasubiri yawe safi ndipo tuyatoe. Ngoja ngoja huumiza matumbo, walisema, nami nimeona inavyoumiza.

Mara ya mwisho kumwona ilikuwa hospitalini, Jumapili. Alikuwa amekonda hata pete ilikuwa imevuliwa na kufungwa kwenye leso ya mkewe. Akanishika mkono, akaniuliza kwa sauti ambayo ilinibidi niiname kuisikia: "Redio umekuja nayo?"

Sikuwa nayo. Niliiacha nyumbani Nairobi. Nikamwambia nitaileta Jumamosi, kwa kuwa katikati ya wiki nina kazi. Akafumba macho, akasema haya, Jumamosi. Akaanza kuimba kidogo, labda ili nishike kitu, lakini pumzi haikumfikisha hata mstari wa pili, nami si mtu wa muziki. Sikushika kitu. Alifariki usiku wa kuamkia Alhamisi.

Jumanne tulimzika. Kwaya yake ilisimama kando ya kaburi kwa sare zao, na yule wa besi mbele kabisa, wakaimba wimbo wa kitabuni ambao kila kanisa linaujua. Waliimba vizuri mno, na kadiri walivyoimba vizuri ndivyo nilivyozidi kulia, hata watu wakadhani sisi ni ndugu. Mkewe alinikabidhi bahasha ya disketi za nyimbo, akasema nikimpata wa kuzifungua nizifungue. Sijampata, na sidhani nitampata.

Ndugu msomaji, kama una wimbo, au hadithi ya mama yako, au neno unalolipiga msasa ili likae sawa, litoe leo na makosa yake. Wapo wa kulirekebisha ukiwa umekwenda, lakini hawana la kurekebisha usipolitoa. Na wewe uliyeombwa kusikiliza, usiseme Jumamosi. Mimi nilisema.