Nyayo za Joram

Mwaka 1957 Mwalimu Nikolaus Nyangwine alikuwa na miaka thelathini na sita, naye alifundisha darasa la nane katika shule ya kati ya misheni, mwendo wa saa mbili kwa miguu kutoka Tarime mjini. Alikuwa mrefu, mkimya, na shati lake jeupe lilifungwa hadi kifungo cha shingoni hata jua likiwa kali. Wanafunzi walimwogopa kidogo. Hawakujua kwamba yeye mwenyewe aliogopa kitu kimoja: dawati tupu.

Miaka sita nyuma alikuwa amemchapa mwanafunzi aitwaye Rubeni kwa kusinzia darasani. Rubeni hakurudi tena. Baada ya wiki tatu, mwanamke aliyeleta ndizi shuleni alimweleza mwalimu kwamba mama wa kijana yule alikuwa mgonjwa, na kwamba kila siku kijana alisaga ulezi, akakamua ng'ombe na kuwalisha wadogo zake kabla ya kutembea maili sita kuja kusoma. Nyangwine alipanda baiskeli kwenda kumtafuta. Alikuta familia imehama.

Tangu hapo alijaribu kufundisha huruma. Mwanzoni alifanya vibaya. Aliandika ubaoni maneno mazuri juu ya upendo, wanafunzi wakayanakili kwa mwandiko safi, na wakati wa mapumziko wakapigana kama kawaida. Dawa aliipata katika kazi ya marehemu baba yake.

Baba yake alikuwa mfuata nyayo. Ng'ombe wakiibwa, yeye ndiye aliyetangulia, ameinama, wenye mali wakimfuata nyuma na mikuki. Sheria ilijulikana na watu wote: nyayo zikiingia katika kijiji, wenyeji waonyeshe zilipotokea kwenda kwingine, wakishindwa, kijiji kizima kinalipa. Mzee huyo alikuwa na mwiko mmoja. Nyayo zilipokatika, penye mwamba au penye maji, hakubuni. Alisimama, akauliza watu, ndipo akaendelea.

Nyangwine aliligeuza hilo kuwa somo. Mwanafunzi mmoja alisimama mbele na kusimulia maisha ya mwenzake, kuanzia kuamka hadi kulala, akisema "mimi" kana kwamba ndiye yeye. Mwenye maisha aliketi na kujibu neno moja tu: "ndiyo" au "bado". Akisema "bado", nyayo zimekatika. Msimulizi alipaswa kuuliza, si kukisia. Hapo mwenzake aliruhusiwa kueleza.

Mwezi Septemba somo hilo lilipata mtihani wake. Ng'ombe watano waliibwa nyumbani kwa Mniko, kijana mwenye sauti kubwa kuliko wote bwenini. Nyayo zilivuka Mto Mara na kuingia katika kijiji cha kina Joram, na hazikuonekana kutoka. Joram ndiye aliyekuwa wa kwanza darasani. Habari zilipofika shuleni, vijana walitoa godoro lake la majani nje ya bweni. Hakuna aliyemsalimia. Akaliingiza stoo likiwa limelowa, akalala juu ya magunia ya mahindi.

Mwalimu mkuu, Stanslaus Wangwe, alikuwa mtu wa utaratibu.

"Kamati inakaa Jumamosi," alimwambia Nyangwine. "Wazazi wanataka kijana arudishwe kwao. Nami sitaki damu katika bweni langu."

"Mtihani wa darasa la nane ni Novemba, Mwalimu. Akiondoka sasa, hatafanya."

"Najua."

"Amefanya kosa gani?"

"Hilo uwaulize walioliweka godoro kwenye umande. Mimi utanipa jibu Jumamosi."

Alhamisi, kipindi cha tatu, Nyangwine aliwaita mbele Mniko na Joram.

"Mniko, fuata nyayo za Joram. Anza siku ng'ombe walipoibwa."

Mniko alikunja mikono kifuani. "Mimi ni Joram," alisema. "Siku ile nilikuwa kwetu, nikawafungulia wezi zizi, nikala nyama."

"Bado," alisema Joram.

"Ulitafuna mifupa, basi."

Wengine walicheka. Nyangwine hakucheka. "Nyayo zimekatika. Uliza."

"Mwalimu, sina cha kumwuliza huyu."

"Basi tutasimama hapa mpaka kengele."

Walisimama. Hatimaye Mniko alisema, bila kumtazama mwenzake, akimwita kijana kwa lugha ya kwao, "Mura, siku ile ulikuwa wapi?"

"Ilikuwa Jumapili. Tulikuwa wote kisimani. Wewe ulivunja kata ya kuchotea maji, ukasema ni mimi."

Kicheko kilikuwa kikubwa zaidi sasa, na kilikuwa cha kumcheka Mniko.

"Ulijua lini kwamba ni kijijini kwenu?" aliuliza, sauti imeshuka.

"Ulipoacha kuniamkia asubuhi. Nilidhani ni ile kata."

Mniko alifungua mikono yake. Mwalimu akamwambia akae, akampa Joram zamu.

"Mimi ni Mniko," alianza Joram. "Nimeamka, nimekunywa uji wangu, kisha nimeangalia uji wa Waisiko."

"Ndiyo," Waisiko alidakia kutoka nyuma.

"Si wewe unayejibu," alisema mwalimu.

"Ndiyo," alisema Mniko.

Joram aliendelea, na sauti yake haikuwa ya mzaha tena. "Kwetu wameibwa ng'ombe watano. Hao walikuja kwa mahari ya dada yangu, nao ndio kaka yangu angeolea. Mmoja ana pembe iliyovunjika. Huyo ni wangu. Baba alinipa nilipofaulu darasa la sita. Sasa harusi ya kaka imesimama. Nikimwona mtu wa ng'ambo ya mto anacheka, najiona ndiye ninayechekwa."

Mniko alimgeukia.

"Nani alikwambia habari za yule wa pembe?"

"Wewe. Mwaka jana, siku nzima."

"Ndiyo," alisema Mniko.

Jioni hiyo Mniko alikwenda stoo peke yake, akabeba godoro la Joram kichwani, akapita nalo mbele ya bweni zima na kuliweka karibu na lake. Kijana mmoja alimwita mke wa wezi. Mniko alimwuliza kama angependa kuhamia stoo.

Jumamosi kamati ilikaa. Miongoni mwao alikuwa Mzee Matiko, baba yake Mniko, mwenye ng'ombe. Alisema maneno machache: kijiji kizima kinawajibika, na kijana ni wa kijiji hicho. Wazazi wengine waliitikia. Ndipo Mniko akaomba ruhusa ya kuingia.

Mniko alimsalimia baba yake, "Shikamoo, tata. Nyayo zinaingia kijijini kwao. Haziingii kwake. Siku ile alikuwa na mimi kisimani."

"Nani amekufundisha kunijibu hivyo mbele za watu?"

"Mwalimu Nyangwine."

Mzee Matiko alimgeukia polepole Nyangwine, aliyekaa karibu na mlango. "Wewe si mtoto wa yule mfuata nyayo?"

"Ndiyo, tata."

"Baba yako alikuwa akituchelewesha sana. Sisi tuna hasira, yeye anauliza maswali." Mzee alitikisa kichwa. "Lakini miaka yote ile hakutufikisha kwenye mlango usiohusika." Akamgeukia mwalimu mkuu. "Kijana abaki. Ng'ombe wangu nitawadai kwa wakubwa wake."

Kamati ikakubali.

Novemba Joram na Mniko walifanya mtihani wakiwa kwenye madawati mawili tofauti. Matokeo yalipokuja, shule ilikuwa imepata nafasi tano za sekondari, nyingi kuliko mwaka wowote uliotangulia. Joram alikuwa wa kwanza. Mniko alikuwa wa tano, na alitangaza mafanikio yake kwa sauti iliyosikika mpaka barabarani.

Januari mwalimu mkuu alibandika ratiba mpya mlangoni pa ofisi. Alhamisi, kipindi cha tatu, alikuwa ameandika kwa wino mweusi: Nyayo, Mw. Nyangwine, madarasa yote. Nyangwine aliisoma mara mbili, akafungua kifungo cha shingoni, akaenda darasani. Madawati yote yalikuwa na watu.