Flashi Niliyokubali Isafishwe

Diski ya kompyuta ya binti yangu ilikufa zamani, kwa hiyo anaiwasha kwa flashi yenye Linux, mfumo wa kuiendesha kompyuta, na kazi zake zote za chuo zimo humo humo. Leo niliichukua bila kumwuliza, nikawekewe picha za harusi ya mpwa wangu. Kompyuta ya mpiga picha ikashindwa kuisoma, naye akaniuliza:

"Mama, hii imeharibika. Niisafishe?"

Nami nikaitikia! Vyote vilivyokuwamo vikafutika.

Tangu mchana binti kanifungia mlango. Ripoti yake inatakiwa kesho.

"Mwanangu, nisamehe. Lakini nani anaweka masomo yote kwenye kitu kidogo kuliko kidole?"

Kisha mlango ukafunguka kidogo, mkono ukatoka.

"Ilete nijaribu kuiokoa. Na tafadhali, Mama, usinisaidie."