Kiwanja Walichoniachia

Nikiwa sekondari hapa Likasi nilisoma riwaya ya mji unaotembea. Ulikuwa na magurudumu makubwa kuliko nyumba, ukihama kila majira pamoja na soko na makanisa yake. Nimeisimulia Kolwezi, Ndola, Kasumbalesa, kila nilikolala zaidi ya wiki mbili, na kila mara nilimalizia kwa kuwacheka watu wa kwetu. Mji wetu, nilisema, umekaa palepale kama jiwe.

Mwaka juzi mashimo ya wachimbaji yalifika chini ya mtaa wetu. Kuta zikapasuka, watu wakaambiwa wahame. Dada yangu mdogo akanipigia simu kwamba mama ameanza kung'oa mabati na hakuna mwanamume wa kupanda juu. Nilimjibu kuwa niko Ndola, ng'ambo ya mpaka, na mpaka umefungwa. Nilikuwa Lubumbashi, saa chache kwa basi, nimekaa baa mchana na wasikilizaji wanne, na mji wangu wa magurudumu ndio kwanza ulikuwa unaondoka.

Nilirudi mwezi uliopita. Mtaa haukuwepo, ilibaki misingi na udongo mwekundu. Muuza makaa alinielekeza upande wa Buluo, na huko nikaukuta mtaa mzima. Walikuwa wameubeba kwa baiskeli na vichwani: mabati, milango, hata matofali waliyoyakwangua saruji moja moja. Tena waliupanga vilevile, jirani kwa jirani, kila mlango ukitazama mlango ule ule wa zamani. Kati ya nyumba ya mama na ya fundi cherehani, pale ambapo katika mtaa wa zamani kilikuwepo chumba changu cha ujana, waliacha kiwanja kitupu.

Mke wa fundi alikuwa ameanika mihogo hapo. Aliponiona alianza kukunja mikeka kabla hata ya kunisalimu.

"Fashi yako hii, yaya," akasema akionyesha kiwanja, akiniita kaka kama zamani. " Tulikuwa tunaichunga tu."

Nilimwomba aiache mikeka. Hakunisikiliza.

Mama alikuwa anatwanga sombe, majani ya muhogo. Hakuuliza habari za Ndola. Aliuliza juu ya ile riwaya, maana zamani nilikuwa nikimsomea jioni akipika.

"Ile muji ya mu kitabu yako, banani balikuwa banaibeba?"

Nikamwambia hakuubeba mtu, ulikuwa na mashine. Katika kurasa zote zile sikumbuki mtu hata mmoja mwenye bati kichwani, na sikuwahi kujiuliza.

"Yetu haina na mashine," akasema.

Begi langu lilikuwa bado begani. Nilikuwa nimepanga kuondoka Ijumaa. Mama akanyoosha mchi kuelekea mwisho wa kiwanja.

"Anza na choo."

Fundi alileta sururu, akakaa juu ya tofali kunitazama, akasema mimi niliyeona miji yote bila shaka najua choo kinakaa upande gani wa upepo. Sikujua. Alinionyesha yeye.

Shimo lilipofika kiunoni mama alikuja na maji. Nilimwambia bila kuinua kichwa kwamba siku zile za kuhama nilikuwa Lubumbashi.

"Najua," akasema. "Chimba."