Kipande cha Karai

Mwenye bucha wetu wa Kawangware alikuwa na desturi ya kuyapapasa mapafu na maini kwa kidole gumba kabla ya kuyatundika. Alipogusa uvimbe alikata, ila kile kipande hakukitupa. Alikiweka katika karai chini ya meza, na sisi wenye mbwa tulilijua karai hilo. Kila Jumamosi asubuhi alinifungia fungu langu bila kuombwa.

"Chukua, bosi. Mbwa hachagui hoteli."

Nilikuwa nimesoma mahali kwamba nyama za ndani zikiliwa mbichi huyang'arisha manyoya ya mbwa. Niliamini upesi, kama mtu aamini jambo linalomfaa. Mbwa alikula uani, paka wa ploti tuliyopanga wakinyemelea makombo, na binti yangu wa miaka minane amechuchumaa karibu. Akishamaliza, mbwa alimlamba mtoto mashavu na midomo. Nilikuwa nikicheka. Hilo ndilo nisilopenda kulikumbuka.

Jumamosi moja jirani yangu, mama wa Kitui anayeuza supu ya vichwa vya mbuzi, alikuwa akianika nguo nilipofungua karatasi. Akasogea, akainama. Kwenye pafu palikuwa na kifuko cheupe, kikubwa kama ndimu, kimejaa maji.

"Jirani, hiyo unampa mbwa?"

"Ni ya mbwa. Mwenye bucha ameitoa kando."

"Ameitoa ndio wewe usikule. Kwetu hiyo tunachoma mpaka iishe. Mbwa akikula inakuwa minyoo ndani yake. Mayai yanatoka na mavi, yanashika manyoya, halafu yanaingia kwa mtu." Akajigusa ubavu wa kulia. "Mjomba wangu alipasuliwa hapa. Kabla ya hapo watu walikuwa wanamuuliza atajifungua lini."

Nilikichoma kipande kile pale pale, kwenye jiko lake la makaa. Mbwa alipewa dawa ya minyoo wiki hiyo hiyo, lakini dawa ya mbwa haikuweza kuzirudisha Jumamosi zilizopita. Nilianza kumtazama mtoto akila, akivua sweta, akilala chali. Nilimwuliza mara nyingi sana kama tumbo linamuuma, mpaka siku moja akajibu kwamba linauma. Sijui mpaka leo kama maumivu yale yalikuwa yake au niliyapanda mimi kwa maswali.

Nikampeleka kupigwa picha ya tumbo. Kwenye benchi alikaa ameshika magoti.

"Mama wa supu alisema ni mbwa," akaniambia. "Sasa mbwa mtampeleka wapi?"

Ningeweza kukubali kwamba ni mbwa, na lawama yote ingemwangukia mnyama asiyejua kusema. Nilikaribia kufanya hivyo. Kisha tukaitwa ndani.

Daktari alipitisha chombo cha kupigia picha juu ya ubavu wa mtoto taratibu, akakirudisha, akakipitisha tena mahali pale pale. Nilivikodolea macho vivuli vya kijivu kwenye skrini, na kila kivuli cha mviringo nilikidhania ndicho kifuko.

"Ini ni safi," akasema hatimaye. "Lakini vifuko hivi hukua polepole, pengine miaka. Kikiwa kidogo sana hatukioni. Mrudishe mwaka ujao."

Nje, mtoto alisimama karibu na lango, akakataa kutembea.

"Si mbwa," nikamwambia. "Mimi ndiye niliyekuwa nikimletea ile nyama."

"Ulijua iko na ugonjwa?"

"Niliona imekatwa kando. Sikuuliza kwa nini."

Alinikazia macho, uso wake mkavu, kama mtu mzima anayepima maneno ya mtu asiyemjua vizuri.

"Na mwaka ujao hiyo kitu ikionekana?"

"Tutaitibu," nikasema, na sauti yangu ikatoka kama ya mtu anayeuliza.