Nilitapisha choo kwenye mvua, nikaangamiza riziki ya mwenzangu

Nimekosa. Nalisema mapema ili asiyetaka kusoma uchafu aachie hapa hapa. Sitaji jina wala mtaa. Jueni tu kwamba nakaa Kariakoo, kwenye mojawapo ya zile nyumba chache za zamani zilizobanwa na maghorofa, nyumba ya urithi.

Na msinikunjie pua! Wengi wenu mnaosoma mmefanya haya haya. Mvua ikianza kunyesha Dar, mnajua wenyewe mashimo mangapi ya choo yanafunguliwa. Tunaita kutapisha. Gari la kunyonya ni ghali, mvua ni ya bure, basi uchafu unaachiwa mtaroni uende zake baharini. Marehemu mama alifanya hivyo, na bibi kabla yake, nami nikaona ndiyo akili ya mjini.

Chumba cha mbele, chenye fremu ya duka, nilimpangisha Mama Chiku, mjane kutoka Masasi, muuza nafaka. Mchele, kunde, choroko, mbaazi. Miaka tisa tulikaa kama ndugu. Nilipougua, yeye ndiye aliyenikorogea uji. Hata nikiandika hivi najichukia.

Mwaka ule shimo lilijaa mapema. Mama Chiku akaniambia tuchangie gari, yuko tayari kutoa nusu. Nikamjibu kwa nyodo kwamba nyumba ni yangu na choo ni changu, yeye ashughulike na kunde zake. Pesa ya gari nilikuwa nayo, ila nilikuwa nimeiwekea sare ya harusi ya binamu yangu. Sare jamani!

Akanionya vilevile kwamba masika ya siku hizi si yale, yanakuja yote kwa siku moja, na mtaro umejaa mifuko na maboksi ya wenye maduka. Nikamwambia asinifundishe mvua za Dar. Mimi nimezaliwa hapa, yeye amekuja na basi. Nilimwambia hivyo mbele ya wateja wake.

Mvua ikaja saa nane mchana, sokoni watu wamejaa. Nikangoja ikolee, nikazunguka uani na mtaimbo, nikazibua bomba linaloingia mtaroni. Kisha nikarudi jikoni kukaanga samaki wangu wa soko la Feri, roho kwatu.

Haikupita nusu saa nikasikia naitwa kwa sauti ambayo sijawahi kuisikia kwake. Nilipofika mbele, mtaro ulikuwa umekataa. Maji meusi yamepanda baraza na kuingia fremu yake, magunia ya chini yote yameshalowa. Mama Chiku amekumbatia gunia la mchele, miguu imezama kwenye kinyesi changu, anatafuta pa kuliweka. Mfungo ulikuwa unakaribia. Mtaji wake wote ulikuwa mle ndani.

Kesho yake akaja bwana afya na mjumbe wa mtaa, wakauliza uchafu umetoka wapi. Hapo nikatenda kosa baya kuliko la kwanza. Nikalinyooshea kidole ghorofa la jirani! Nikatukana, nikaapia kaburi la mama. Wa ghorofani wakanirudishia matusi, mtaa ukawa vita. Mama Chiku alisimama mlangoni kwake akinitazama. Bwana afya akaamuru nafaka yote iteketezwe, hata magunia ya juu ambayo hayakuguswa na tone.

Wiki haikuisha akaanza kufunga vyombo. Nikamwuliza, uso mkavu kabisa, mbona anahama wakati wakosaji ni wale wa ghorofani.

"Dada, nilikuona na mtaimbo," akasema, mikono bado iko kwenye kamba. "Nilikuja uani kuanua nguo zako, zilikuwa zinalowa."

Nikamwuliza kwa nini hakusema mbele ya bwana afya.

"Wangekufungia nyumba. Ningepata nini mimi, sote wawili tukilala nje?" Akakaza fundo. "Ila usiniite ndugu tena."

Sasa yuko Mbagala, anauza maandazi. Fremu imebaki tupu. Kila anayekuja kuitazama ananusa, anaaga. Nimepaka chokaa mara tatu na harufu iko pale pale. Wa ghorofani hawanisalimii, na wana haki. Kwa hasara niliyoipata ningeita gari la kunyonya hadi nizeeke, mpumbavu mimi!

Nimemfuata mara mbili kumwomba radhi. Mara ya kwanza hakutoka nje. Mara ya pili nilipanga foleni na wateja wengine. Akanifungia maandazi mawili kwenye karatasi, akapokea pesa, akanirudishia chenji, akamwita wa nyuma yangu. Sikupata nafasi ya kusema neno, na nadhani ndivyo alivyotaka.

Na wewe unayetazama mawingu saa hizi ukingoja yakolee, nakuambia wewe. Mvua hizi hazibebi tena uchafu wa mtu kwenda baharini, zinaurudisha mlangoni, na mara nyingi mlango wenyewe si wako. Ita gari. Huna pesa, uza kitanda ulale chini. Nitukane ukipenda, nastahili, lakini shimo hilo usilifungue.