Msalaba kwenye Ndege ya Mzee Mhina

Nina miaka kumi na minane nikifundisha historia hapa Korogwe, na sikuwahi kumwonea mwenzangu wivu mpaka alipohamia Mwalimu Zubeda. Yeye ukimpa picha ya ndege ya kivita ya zamani, hata iliyofifia, anatazama mabawa na magurudumu kisha anakwambia ilikuwa ya jeshi gani. Watu wakawa wanaupita mlango wangu kwenda kwake. Niliumia.

Mwezi uliopita mkuu wa shule alituma kwenye kundi letu la WhatsApp picha ya zamani aliyoihifadhi Mzee Mhina wa Kwedizinga, akiuliza ni ndege ya jeshi gani: ndege kuukuu imesimama majanini. Zubeda akaandika, "Naomba kwanza niione yenyewe." Mimi nikaikuza kwenye simu, nikaona msalaba mweusi ubavuni. Nikawahi kujibu kwamba ni ndege ya Wajerumani, ya vita kuu ya kwanza.

Mkuu akafurahi, akanipa kidato cha tatu niwaeleze, na Mzee Mhina akaalikwa aje na picha yenyewe. Niliusifia ule msalaba nusu saa nzima, huku nikimtupia Zubeda jicho. Alikuwa ameinamisha uso. Nikajua leo wivu umehamia kwake.

Mzee Mhina akanyoosha mkono.

"Samahani, mwalimu. Huo si msalaba. Picha ilichanika, nikaibandika mwenyewe vipande viwili vya solotepu, kimoja juu ya kingine. Imekuwa nyeusi kwa kukaa."

Zubeda akaipokea picha, akaiinua dirishani. "Chini ya solotepu kuna duara," alisema kwa upole. "Ndiyo alama ya ndege za Waingereza."

Wanafunzi wakaanza kufuta kwenye madaftari, nami bado nimeshika chaki.