Matokeo Yaliyokuja na Gari la Samaki

Tulipohama Sur kwenda Nizwa, huku Omani, katikati ya mwaka, kwa kuwa mume wangu alipandishwa cheo, kila kitu kilipanda lori isipokuwa namba ya mtihani ya binti yetu. Alikuwa darasa la mwisho la sekondari. Skuli ya Nizwa ilimpokea vizuri, lakini namba ilikuwa imeshaandikishwa Sur. Kwa hiyo alirudi kufanya mtihani huko, akalala kwa shangazi yake, na matokeo nayo yangebandikwa huko huko, kwenye lango la skuli.

Nieleze hapa kidogo, maana wazazi wengi huhama bila kulijua hili. Miaka ile ya thamanini, mtoto mwenye alama kubwa alisomeshwa chuo kikuu na serikali. Aliyepungukiwa alitegemea mfuko wa baba yake. Sisi mfuko wetu ulikuwa kiwanja kimoja cha kujengea nyumba, na binti alijua alama zikipungua kitauzwa. Tena miezi ya kuzoea walimu wapya ilikuwa imemtoa jasho kwenye fizikia.

Simu hatukuwa nayo. Tukamwagiza muuza samaki wa Sur, mzee aliyeleta nguru Nizwa kila wiki, apite skuli na karatasi yenye namba, tukamwambia ni ya binti anayetaka udaktari.

Akaja saa nne asubuhi, barafu ya samaki inatiririka barabarani. Mume wangu akamkaribisha sebuleni. Mimi na binti tukajibana nyuma ya pazia. Kwetu Unguja, tulikozaliwa, mgeni wa namna hii angeulizwa mlangoni, hata viatu hajavua. Omani ni tende kwanza, kisha kahawa, na khabari huulizwa mgeni akishatikisa kikombe kuonyesha ametosheka. Na mume wangu, aliyechekwa miaka mingi kwa Kiarabu chake cha Unguja, alikuwa ameapa kwamba Nizwa hatakosea adabu hata moja.

Mgeni akanywa. Akanyoosha kikombe, akatiliwa, akanywa tena.

"Cha ngapi hicho?" binti akaninong'oneza.

"Cha nne. Tulia, mwanangu."

"Mama, hatujui kiwanja kinauzwa au la, na huyu ana tumbo la ngamia."

Kicheko kikatupata vibaya, tukajiziba midomo kwa kanga, pazia likawa linatikisika kabla ya kikombe.

Cha tano kikatikiswa. Mume wangu akauliza khabari. Mgeni akajibu kwa Kiarabu, kama ilivyo desturi, kwamba hakuna ila kheri. Halafu akaingia kwenye mvua ya Al Kamil, bei ya nguru, na mkwewe wa Mudhaibi aliyenunua gari. Binti akanifinya mpaka nikaona nyota.

Nikashindwa. Nikasema kwa Kiswahili, "Bwana, muulize, ama natoka mimi."

Kisha sauti ya mgeni ikaja, Kiswahili safi cha Unguja, kumbe alifanya kazi bandarini huko ujanani mwake.

"Mama, ngamia ameshiba sasa. Tisini na mbili kwa mia. Kiwanja msiuze."

Nilipiga vigelegele mpaka majirani wakaja kuuliza arusi ya nani. Binti, uso umemwiva kwa haya, akasema nyuma ya pazia, "Shikamoo, babu."

"Marahaba, daktari."

Mume wangu alikuwa bado ameshika dele la kahawa. Akajimiminia kikombe, akanywa, akajimiminia tena, na hakukitikisa mpaka dele likaisha.